Kupima lami iliyochoka kabla ya kuikarabati

Juzi kijana anayejifunza kazi kwangu hapa Mtwara aliniuliza, "Shikamoo mzee, viraka tunaanzia wapi?" Nikamwambia marahaba, acha hiyo lami kwanza, vaa kofia tutembee.

Hatua ya 1: Tembea kwa miguu. Ukiwa garini huoni kitu. Andika kila shimo, kila palipobonyea njia ya magurudumu, na nyufa za vipandevipande kama tope la mbuga lililokauka.

Hatua ya 2: Hesabu magari, siku 7, usiku pia. Bodaboda achana nazo. Malori ya saruji na korosho ndiyo yanayoua barabara: ekseli (mhimili wa magurudumu) iliyobeba tani 12 inaumiza zaidi ya mara 5 ya ekseli ya tani 8.16, ambayo wahandisi huitumia kama kipimo.

Hatua ya 3: Piga disipii (DCP), fimbo ya chuma yenye ncha inayopigwa nyundo izame ardhini kupima ugumu wa udongo. Hapa ndipo nilipoumbuka. Nyundo ya kilo 8 inaangushwa milimita 575, unasoma ncha imezama kiasi gani kwa kila pigo. Nilipima Oktoba, kwenye mchanga mwekundu wa upande wa Newala. Milimita 8 kwa pigo, sawa na sibiari (CBR, namba ya nguvu ya udongo kubeba mzigo; ikiwa kubwa udongo ni imara) ya 33 hivi. Nikafurahi, nikapanga tabaka jembamba. Machi, mvua imekolea, nikarudi palepale: milimita 28, sibiari imeshuka hadi 9. Mchanga ule ukikauka ni jiwe, ukilowa ni uji.

Kwa hiyo ukipima kiangazi, chukua sampuli, ishindilie maabara, iloweke siku 4 ndipo uipime. Namba ya kiangazi pekee usiijengee. Piga njia ya gurudumu la nje, karibu na bega la barabara, kwa sababu maji huingilia pembeni. Katikati ya lami kukavu kutakudanganya. Ncha ikigonga kokoto kubwa na kugoma, sogea kidogo uanze upya, usiandike kuwa udongo ni mgumu. Na ncha iliyochakaa itupe. Mimi siku hizi nakwenda na mbili mpya.

Hatua ya 4: Zibua mitaro na makalavati. Kabla ya lami, si baada.

Hatua ya 5: Chagua tiba. Msingi mzima, lami tu imezeeka: weka tabaka jipya la lami na kokoto. Msingi umeoza: chimbua, changanya na saruji, shindilia upya. Kipimo cha saruji kiseme maabara. Ukizidisha, tabaka litapasuka na nyufa zitapanda hadi juu. Viraka juu ya msingi uliolowa mimi sisaini.