Friji Likigoma, Nyumba Isinune

Kabla hujamwita fundi, kagua plagi, soketi na ule mpira wa mlango. Mpira ukilegea, baridi inatoka na mota haipumziki. Bana karatasi mlangoni uivute: ikichomoka kiulaini, mpira haubani. Chomoa waya, uoshe mpira kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Mara nyingine hilo tu linatosha!

Fundi akija, akutajie bei ya kifaa mbali na ya kazi, na akuachie kile kibovu. Mimi huwaita watoto watazame. Wanauliza maswali, fundi anachangamka, na hakuna anayekaa na uso wa msiba. Malipo yatoke kwenye akiba ya dharura, kamwe si ada ya shule. Mwezi huohuo anza kuijaza tena, hata kidogo.