Somo: kuchagua sampuli ya wauguzi (wachache watakaowakilisha wote) kwa utafiti wa takwimu

Kila muhula naulizwa lile lile: "Nichague vipi wauguzi wa kujaza hojaji?" Naliandika hapa mara moja. Tuseme uko Kisumu, hospitali ya wauguzi 240.

Hatua ya 1. Amua unamtafiti nani: walioajiriwa, bila wanafunzi.

Hatua ya 2. Pata orodha kamili. Hapa ndipo tasnifu nyingi huharibika. Mtu anaingia wodini asubuhi, ananakili ratiba ya zamu iliyobandikwa ukutani, kisha anaandika kwamba ana wauguzi wote. Hana! Walio likizo huenda hawamo. Thieta (chumba cha upasuaji) na kliniki zina ratiba zao. Aliyehamishwa katikati ya mwezi yumo kwenye wodi mbili, kwa hiyo ana nafasi mbili za kuchaguliwa na mwenzake aliye likizo hana hata moja. Chukua orodha kutoka ofisi ya mkuu wa uuguzi, ilinganishe na ratiba za vitengo vyote, futa waliorudiwa, kila mmoja mpe nambari. Ukichunguza uchovu kazini ukawaacha wa zamu ya usiku, majibu yamepinda kabla hujauliza swali la kwanza, na sampuli kubwa haitayanyoosha.

Hatua ya 3. Idadi. Fomula ya Cochran (wengi hapa huiita ya Fisher), kwa uwiano wa 0.5 (ukikisia nusu ya watu wana unachokichunguza), kosa la 5% na uhakika wa 95%, hutoa 384. Kwa kuwa wauguzi ni 240 tu, rekebisha: 384 ÷ (1 + 384/240) = 148. Ukitarajia 10% wasijibu, gawanya kwa 0.9 upate 165.

Hatua ya 4. Gawa hao 165 kwa uwiano wa ukubwa wa kila kundi. Tuseme wauguzi wa magonjwa ya ndani ni 80, upasuaji 60, uzazi 60, watoto 40: chukua 55, 41, 41 na 28.

Hatua ya 5. Piga kura ndani ya kila kundi. Aliyeangukiwa na kura akiwa ofu, msubiri arudi. Usimpe hojaji aliyeketi karibu.

MASWALI

Kijana wa Kondele: Mwalimu, nipe tu fomula, naonana na msimamizi kesho.
— Hatua ya 3.

Kijana wa Kondele: Na nikiwapa ninaokutana nao koridoni? Si hiyo pia ni nasibu?
— Hapana. Hiyo ni sampuli ya urahisi. Ukiitumia, iandike kwa jina lake.

Nyar Seme: Shikamoo mwalimu. Nilitaka kuruka kwa vipindi sawa, lakini 240 ÷ 165 ni 1.45. Nikichukua kila wa pili napata 120 tu.
— Marahaba dada, umeona jambo wengi hawalioni. Ukishusha hadi 1 unachukua wote, ukipandisha hadi 2 hawatoshi. Hapo baki na kura. Vipindi vinafaa kwa wagonjwa wa kliniki: wakija 600 kwa mwezi nawe unataka 150, chukua kila wa nne, na wa kuanzia apatikane kwa kura kati ya 1 na 4. Ila usikusanye Jumatatu pekee kama siku hiyo ni ya wanaoanza kliniki.

Nyar Seme: Kura naweza kupiga kwa Excel?
— Ndiyo, weka RAND (amri ya Excel inayotoa namba ya nasibu) kando ya kila jina, kisha panga kwa namba hizo. Kabla ya kupanga, nakili zile namba uzibandike kama thamani, maana hubadilika kila unapogusa karatasi. Hifadhi faili hilo. Wakikuuliza kwenye utetezi wa tasnifu ulivyopata majina, utalifungua.

Mama wa Ahero: Kibali cha NACOSTI (tume ya serikali inayoruhusu utafiti Kenya) kinaombwa kabla au baada ya kupata orodha?
— Kabla, mama. Kwanza idhini ya kamati ya maadili, kisha NACOSTI, halafu peleka barua zote mbili hospitalini ndipo uombe majina ya watu.