Mafurungu ya bibi: weka ndimu kando

Ukitoa mafurungu (vikuku vizito vya fedha vya miguuni) au hirizi ya fedha ya bibi kwa ajili ya harusi, iwe Mikindani au Lindi mjini, usikimbilie kusafisha kwa ndimu na majivu. Majivu hukwangua nakshi. Ndimu hula shaba iliyochanganywa humo, na mapambo mengi ya zamani yalifuliwa kwa riale za Maria Theresa, sarafu za zamani ambazo fedha yake ni kama asilimia 83 tu.

Tumia maji baridi ya bomba, matone mawili ya sabuni ya maji na mswaki laini wa mtoto. Furungu lenye uwazi ndani lisizamishwe: maji yakiingia hayatoki, na ukijani huanzia kwenye maungio. Lipanguse tu. Kijaluba cha hirizi nacho kisiloe. Aya iliyomo ndiyo kinga ya bibi harusi, na wino ukilowa umekwisha. Weusi wa ndani ya nakshi uache, bila huo maua hayaonekani (sonara wa haraka huufuta wote, mwambie mapema).

Baada ya sherehe futa jasho, kausha, funga kwa kitambaa cha pamba. Mipira ya kufungia noti isiguse fedha. Ina salfa, huacha alama nyeusi.