Somo: Kutengeneza mboji bila kupoteza naitrojeni

Asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni, lakini mmea hauwezi kuitumia ilivyo. Ile iliyokwisha kunaswa kwenye majani na samadi ndiyo mali, na lundo lililojengwa vibaya huirudisha hewani au huiacha iende na maji. Kaboni ni habari nyingine: sehemu kubwa yake lazima itoke. Bakteria huichoma kupata nguvu na kuitoa kama hewa ukaa. Joto la lundo linatoka hapo.

Hatua ya 1: Kuchanganya. Tunatafuta sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa 1 ya naitrojeni, kwa uzito. Huhitaji maabara: ndoo 3 za vikavu (majani makavu, mabua yaliyokatwakatwa) kwa ndoo 1 ya vibichi (nyasi mbichi, samadi ya ng'ombe). Ukitumia samadi ya kuku, ongeza vikavu.

Hatua ya 2: Kujenga. Tandika vijiti vinene chini ili hewa ipite. Weka vikavu sentimita 15, vibichi sentimita 5, nyunyiza maji, rudia. Urefu, upana na kimo visipungue mita 1, la sivyo joto halikai.

Hatua ya 3: Kupima maji. Chota konzi moja kutoka katikati, ukamue kwa nguvu. Matone mawili matatu yanatosha. Yakichuruzika, hewa imezibwa, na harufu ya mayai viza haiko mbali.

Hatua ya 4: Kupindua. Ndani ya siku chache joto hufika nyuzi 55 hadi 65, linaloua mbegu za magugu. Likizidi 65 au likishuka chini ya 45, pindua, ya nje yaende ndani.

Hatua ya 5: Kukomaza. Hapa ndipo wengi wanaharakisha. Bakteria wanaogeuza amonia (naitrojeni inayotoroka kama hewa yenye harufu kali) kuwa nitrati (naitrojeni ambayo mizizi huweza kuifyonza) hawawezi joto kali. Wanashika kazi lundo likishapoa chini ya nyuzi 40. Wape angalau mwezi mmoja. Nitrati huyeyuka upesi na udongo hauishiki, kwa hiyo funika lundo mvua isiingie. Ukiliacha wazi wakati huu, ulichokitunza tangu hatua ya kwanza kinashuka ardhini na maji.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, lundo langu linanuka kama mkojo uliochacha. Niongeze maji?*
Hapana. Hiyo ni amonia, ndiyo naitrojeni yenyewe inaondoka. Pindua huku ukichanganya vikavu.

*Nilichimbia vumbi la mbao bustanini, mboga zimekuwa za njano. Ni sumu?*
Si sumu. Uwiano wa kaboni kwa naitrojeni katika vumbi la mbao unaweza kupita 300 kwa 1, hivyo bakteria wanaolila huchukua naitrojeni ya udongo kabla ya mizizi. Itarudi wakifa, ila mboga hazitasubiri: ziwekee samadi iliyoiva. Siku nyingine litandaze juu tu.

*Hewa ukaa hiyo si inazidisha joto la dunia?*
Mimea iliichukua kutoka hewani juzijuzi tu, kwa hiyo inarudi ilikotoka. Cha kuogopa ni lundo lililolowa na kukosa hewa: hilo hutoa methani, ambayo hunasa joto kwa nguvu kubwa zaidi. Ndiyo maana hatua ya 3 usiiruke.