Pepa ya kingereza fomu foo: literecha, grama na insha, tupige msasa

Wadogo zangu mnaosubiri pepa ya Novemba, na nyie mnaorisiti, somo mlilokuwa mnaliomba ndo hili. Pepa ni masaa matatu na wengi wanaoanguka sio kwamba kingereza hawakijui, wanajibu kitu ambacho hakijaulizwa.

HATUA YA 1: Vitabu kwanza
Najua mnapenda kuanza na grama, acheni. Vitabu vinakula muda. Tuchukue tamthilia mbili, The Lion and the Jewel ya Wole Soyinka na Three Suitors: One Husband ya Guillaume Oyono-Mbia. Chora jedwali kwenye daftari: nani, kafanya nini, kwanini, ikaishaje. Mfano mahari. Kwa Soyinka, ticha Lakunle anamtaka Sidi ila mahari hatoi, eti ni ushenzi, na Sidi nae hataki kuolewa bure maana kijiji kitasema hakuwa bikira, mwisho wa siku anaenda kwa mzee Baroka. Kwa Oyono-Mbia ndo kuna vituko, familia ya Juliette ishapokea faranga laki moja za Ndi mkulima, akaja Mbia mtumishi wa serikali na laki mbili wakapokea tena, binti mwenyewe hata hajaulizwa, basi anaziiba zote laki tatu anampa mchumba wake Oko akatolee mahari! Sasa hiyo habari moja inakujibia swali la mahari, la nafasi ya mwanamke, la tamaa na la mgongano wa mila na usasa. Ndo maana nasema msikariri majibu ya watu, jueni stori.

Majina ya vitabu na waandishi yamechapwa kwenye pepa yenyewe, we nakili tu vizuri.

HATUA YA 2: Istilahi
Nyingi mnazo tayari kutoka kwenye Kiswahili, simile ni tashbihi, personification tashihisi, irony kinaya. Kila moja itungie mfano wako. "Her voice was like a drum" ni simile, toa like iwe "Her voice was a drum" tayari ni metaphor. Panapoua watu ni theme na message. Theme ni jambo linalozungumziwa, "bride price". Message ni funzo na inakuja kama sentensi kamili, "Parents should not treat their daughters as property". Ukiulizwa message ukaandika "bride price" hujajibu kitu.

HATUA YA 3: Grama
Fanya za kubadili sentensi, kila siku chache chache. "He is too weak to walk" inakuwa "He is so weak that he cannot walk", hiyo cannot wengi wanaisahau na maana inageuka kabisa. No sooner inaenda na than, hardly inaenda na when, usizichanganye. Ripotidi spichi angalia na muda, tomorrow inakuwa the next day.

HATUA YA 4: Insha
Kabla hujaandika pigia mstari neno la kazi kwenye swali, lile linalokwambia ufanye nini. Utangulizi mfupi, halafu kila aya hoja moja: taja hoja, toa ushahidi wa kitabu (nani kafanya nini), funga kwa kurudi kwenye swali. Aya yenye hoja tupu bila tukio ni porojo. Barua ya kiofisi anwani mbili, kichwa cha habari, na Yours faithfully kama umeanza na Dear Sir.

MASWALI YENU

Swali: Ticha nikisahau jina la mhusika kwenye chumba cha mtihani?
Jibu: Mtaje kwa nafasi yake, "the village schoolteacher", hoja inasimama. Usibuni jina tu.

Swali: Kwenye passive, "Someone has stolen my phone", naandika by someone?
Jibu: Hapana, "My phone has been stolen" inatosha, huyo someone hatujui ni nani.

Swali: Insha ya kitabu tunatumia said au says?
Jibu: Present tense, "Lakunle refuses to pay". Kosa ni kuanza na refuses halafu aya ya pili uko kwenye refused.

Swali: Nikijua kitabu kimoja vizuri si naweza kumwaga hoja zote humo?
Jibu: Swali likisema vitabu viwili toa viwili, gawa hoja nusu kwa nusu.

Swali: Mimi nafanya kama PC (mtahiniwa wa kujitegemea), vitabu sina, nina samari za kwenye simu tu.
Jibu: Samari zingine zinachanganya wahusika kabisa. Tamthilia ni fupi mdogo wangu, hiyo ya Juliette unaimaliza jioni moja, azima kwa mtu anza nayo, riwaya zifuate.