Jinsi ya kuizuia aplikesheni ya mkopo isibebe namba zote za kwenye simu yako, na ufanye nini kama ishazibeba

Mi ni fundi simu, nina kibanda changu Mbagala mwaka wa tisa sasa, na katika vitu vinavyoniumiza roho hapa kazini hizi aplikesheni za mikopo ya kausha damu ndo za kwanza. Kukopa kila mtu anakopa, hilo sina shida nalo. Ila mtu kukopa elfu hamsini halafu ukweni kwake wote wajue, hapo nakataa.

Juzi kati alikuja dada mmoja, mama ntilie wa jirani na stendi, akaniwekea simu mezani akasema "kaka naomba unifungie hii simu isiwe inapokea namba ngeni". Nikiwa nimeishika tu mkononi iliita mara sita, kila mara namba nyingine. Nikamuuliza dada yangu umekopa mtandaoni, akaanza kulia. Aliomba elfu hamsini ya mchele, ikaingia elfu thelathini na tatu, baada ya siku saba anatakiwa kurudisha hamsini kamili, akachelewa siku moja. Siku moja! Meseji zikaenda kwa watu wake. Akanionyesha moja aliyorudishiwa na mwalimu wa mtoto wake: "MDAIWA SUGU. Mtu huyu amekimbia na pesa zetu na amekuweka wewe kuwa mdhamini wake, mwambie alipe leo." Chini yake picha ya kitambulisho chake. Sasa mwalimu wa darasa la tatu anahusikaje na hela ya mchele?

Nilimsaidia siku ile na nimeshasaidia wengi, kwa hiyo naandika hapa yote niliyonayo, ukiona inamfaa ndugu yako mtumie.

Kwanza uelewe wanazipataje namba. Ukishaishusha ile aplikesheni na kuifungua, simu inakuuliza kama unairuhusu ifikie majina yako. Kama simu yako umeiweka Kiswahili itaandika "Anwani", na hapa ndo watu wengi wanapotea maana wanadhani wanaulizwa wanakaa wapi, wanabonyeza Ruhusu. Anwani hapo ni majina yote uliyoseva, Mama Mkwe, Fundi Bomba, Bosi Mchele, Mchungaji, wote. Dakika ileile orodha nzima inaweza kuwa ishapanda kwenye kompyuta zao, na ikishapanda, kuifuta aplikesheni kwenye simu hakuzifuti zile namba kule kwao. Naomba hili lishike kichwani kwa sababu kila mteja anayekuja hapa ananiambia "lakini nilishaifuta".

Kwa hiyo kama bado hujakopa, anzia hapa.

Angalia imetoka wapi. Google waliweka sharti kuanzia tarehe 31 Mei 2023 kwamba aplikesheni za mikopo ya watu binafsi zilizopo Play Store zisiguse majina wala picha za mtumiaji. Ndo maana nyingi za hovyo siku hizi utaletewa kwa linki kwenye meseji, au kwenye grupu la WhatsApp, unaambiwa shusha faili hili uliweke mwenyewe. Ukiona wanakuzungusha nje ya Play Store achana nayo hapohapo. Na ya Play Store nayo usiiamini kwa macho, isome ruhusa zake kabla hujaishusha.

Angalia kama ina leseni. Huyo anayekukopesha kwa simu bila kupokea amana, yaani bila kutunza akiba za watu, kwa kawaida ni mtoa huduma ndogo za fedha daraja la pili, na anatakiwa awe na leseni ya Benki Kuu. Novemba 2024 BoT walitoa orodha ya aplikesheni 69 zinazokopesha bila kibali, ila usiishie kutafuta jina kwenye orodha ya waliokatazwa maana hawa jamaa wanabadilisha jina kama nguo, leo hivi kesho vile. Tafuta jina la KAMPUNI kwenye orodha ya wenye leseni. Kama aplikesheni haisemi kampuni yake ni ipi na ofisi iko wapi, jibu umeshalipata.

Piga hesabu. Daraja la pili mwisho wa riba ni asilimia 3.5 kwa mwezi, yaani laki moja kwa mwezi mzima riba ni 3,500. Chukua sasa ile ya dada yetu, kapokea 33,000 kwa wiki moja karudisha 50,000, hiyo 17,000 ya juu ni zaidi ya nusu ya pesa aliyoshika. Watakwambia siyo riba ni "ada ya huduma", we hesabu ulichoshika mkononi na unachorudisha, majina ya katikati yasikuchanganye.

Halafu ruhusa zenyewe. Mkopeshaji anahitaji kujua we ni nani na pesa aitume wapi, basi. Kamera unaweza kuiruhusu mara moja ya kupiga kitambulisho halafu ukaizima. Majina, meseji, picha za zamani, mahali ulipo, kataa. Ingia Mipangilio, halafu Programu, chagua hiyo aplikesheni, ingia Ruhusa, kwenye Anwani weka Usiruhusu, na kwenye SMS hivyohivyo. Ikigoma kufanya kazi mpaka uruhusu majina, iache ife, maana imekwambia yenyewe dhamana inayoitaka ni aibu yako mbele ya watu.

Haya, na kama ishatokea? Hapa twende polepole kwa sababu mpangilio wa hatua ndo unaokuokoa.

USIIFUTE KWANZA. Najua mkono unawasha, ila humo ndani kuna ushahidi wako. Piga skrinishoti ya ukurasa wa mkopo, kiasi ulichoomba, kiasi kilichoingia, tarehe ya kulipa, jina la kampuni kama lipo, namba ya malipo, na ule ukurasa wa Ruhusa unaoonyesha Anwani ilikuwa imeruhusiwa. Tunza meseji ya muamala wa pesa kuingia. Omba kila aliyetumiwa ujumbe akupigie skrinishoti yenye namba ya mtumaji na saa, usiridhike na kuambiwa tu "mi nao wamenitumia". Zote zihamishie sehemu nyingine, zitume kwenye imeili yako au kwa mtu unayemwamini. Ukimaliza ndo unazima ruhusa zote, halafu unaifuta.

Kisha watangulie. Watu wanaogopa hapa lakini ndo hatua inayokata makali kuliko zote, kwa sababu nguvu yao yote iko kwenye we kuona aibu. Tuma ujumbe kwa watu wako wa karibu, wa kazini, wa kanisani au msikitini. Yule dada tuliuandika pamoja hapa mezani: "Habari. Nilikopa kwenye aplikesheni ya simu na wamechukua namba zote za kwenye simu yangu. Ukipata meseji kwamba we ni mdhamini wangu siyo kweli, sijamwandikisha mtu yeyote. Usiwalipe chochote, nipigie tu skrinishoti unitumie. Samahani kwa usumbufu." Mpaka jioni alikuwa na skrinishoti kumi na moja, na mwalimu kamjibu "pole sana mama, hata mimi yalinikuta".

Deni lenyewe usilikimbie. Mi sipendi ushauri unaozunguka kwamba kopa usilipe, ulichoshika ni cha watu kirudishe. Ila lipa kwa namba ya malipo iliyomo kwenye aplikesheni, usilipe kwa namba binafsi ya huyo anayekupigia na kukutukana maana ukimtumia pesa hiyo kesho wanakwambia deni liko palepale. Na usikope aplikesheni ya pili ili ulipe ya kwanza, nimeona simu moja ina aplikesheni tisa, kila moja inalisha mwenzake na mwenye simu halali usiku.

Sasa malalamiko. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kazi tarehe 1 Mei 2023, na kuna Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi makao makuu yake Dodoma. Sheria inataka anayekusanya taarifa zako akwambie anazichukulia nini na azitumie kwa hilo tu, na inakupa haki ya kuulizia alizonazo na kumtaka afute. Anza kumwandikia mkopeshaji mwenyewe, kwa imeili au hata meseji ndani ya aplikesheni, mistari michache inatosha:

"Mimi fulani, nilikopa kwenu tarehe fulani kiasi fulani. Mmechukua namba za watu wasiohusika na mkopo huu na kuwatumia ujumbe wa kunidhalilisha. Nawataka muache mara moja, mfute namba hizo pamoja na picha ya kitambulisho changu pale deni litakapoisha, na mnijibu kwa maandishi mmempa nani mwingine taarifa hizi."

Wengi hawatakujibu, na kimya chao nacho ni ushahidi. Chukua barua hiyo na skrinishoti zako peleka malalamiko Tume, na kama mkopeshaji ana leseni au anajidai anayo wapelekee na Benki Kuu. Wakikutishia au kusambaza picha yako nenda polisi uchukue RB, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ina kifungu cha unyanyasaji wa mtandaoni, mtaje askari hicho asikurudishe kwa kusema "si umekopa mwenyewe". Meseji za kitapeli zitume kwenda 15040.

Na hata waliotumiwa ujumbe wana haki ya kulalamika. Yule mwalimu hakukopa, hakubonyeza Ruhusu popote, namba yake imechukuliwa bila yeye kuulizwa. Mi naona malalamiko ya watu kama hao ndo mazito zaidi, kwa sababu mkopeshaji hawezi kusema "alikubali masharti".

Kitu kingine fanya leo hata kama hujawahi kukopa. Piga *106# uangalie namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA, ukikuta usiyoijua nenda kwa mtandao husika waifute. Mzee mmoja hapa mtaani alikuta laini tatu zisizo zake, na laini ya jina lako ikitumika kutapeli au kukopa wa kwanza kutafutwa ni wewe.

Na hapo kwenye laini ndo nataka niseme la moyoni. Tulianza kusajili kwa alama za vidole Mei 2019, tukapanga foleni mpaka mwisho wa kuongezewa muda tarehe 20 Januari 2020, tukatoa vidole vyetu. Sheria ya kulinda hizo taarifa imeanza kazi miaka minne baada ya ule usajili kuanza. Mi siyo mtu wa kupinga kila sheria, kuna wadau wananiambia serikali isiingilie, mtu mzima kakubali masharti mwenyewe, soko litajisafisha. Hapana. Mtu mwenye njaa ya mtaji saa kumi na moja asubuhi, mbele ya kitufe kilichoandikwa Anwani, hajakubali chochote, na bila sheria yule mama hana wa kumlilia. Wenzetu Kenya wana sheria yao tangu 2019, na Septemba 2023 kamishna wao wa data aliipiga kampuni moja ya mikopo faini ya karibu shilingi milioni tatu za kwao kwa kusumbua watu waliokuwa kwenye simu za wadaiwa. Mwaka huohuo serikali yao ikasimamisha Worldcoin, ile watu walipanga foleni Nairobi kupigwa picha ya mboni ya jicho wapewe pesa ya mtandaoni, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru picha hizo zifutwe. Hiyo ndo kazi ya mdhibiti ninayoitaka, kumshika mwenye nguvu anayeninyonya.

Lakini Oktoba 2023 hapa kwetu TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ikatangaza wanaotumia VPN, ile programu ya kuficha unachofanya mtandaoni, wajisajili kabla ya tarehe 30, na hilo nalikataa kwa uzito uleule. Kwenye mkopo anayechunguzwa ni mkopeshaji. Kwenye VPN nachunguzwa mimi raia, nieleze kwa nini nimefunga mlango wa chumba changu. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inalinda mawasiliano ya mtu binafsi, haijasema inayalinda dhidi ya wakopeshaji peke yao. Nikiona kanuni mpya ya mtandao siku hizi najiuliza swali moja, nani anatakiwa kujieleza hapa, mwenye kompyuta zilizojaa majina ya watu au mwenye simu moja mfukoni?

Mwisho, kama we ndo umepigiwa kwamba ni mdhamini wa mtu. Usitukane, usikate haraka. Muulize jina la kampuni, namba ya leseni, na saini yako ya udhamini iko wapi. Mwambie namba yangu mmeitoa wapi na naomba muifute. Andika saa na namba iliyopiga. Halafu mpigie ndugu yako, umuulize kwanza kama yuko salama, hela mtaongea baadaye.