SOMO: Kubainisha mawanda ya TAM kwa hoteli ya ufukweni

Swali la jinsi ya kubainisha mawanda, yaani athari zipi na maeneo yapi yachunguzwe kwenye TAM (Tathmini ya Athari kwa Mazingira), linarudi kila wiki, kwa hiyo naliweka hapa hatua kwa hatua. Ni kwa Tanzania Bara.

1. Orodhesha mradi mzima: vyumba, kisima, maji taka, jenereta, barabara, ukuta wa bahari.

2. Nenda eneoni siku za bamvu (maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu), uone maji yanajaa hadi wapi na kupwa hadi wapi.

3. Mipaka. Ripoti nyingi huharibikia hapa: mtu anachukua hati ya kiwanja na kuifanya mpaka wa athari. Kila athari ina mpaka wake. Kisima kikivutwa sana pwani, chumvi huingia hadi visima vya jirani, basi visima hivyo vimo. Ukuta ndio hatari zaidi. Kusi husukuma mchanga kuelekea kaskazini, kaskazi huurudisha kiasi. Ukizuia mchanga kwako, ufukwe wa jirani unaliwa. Angalia na unakotoka mchanga: Kunduchi, uchimbaji wa mchanga mitoni ulichangia bahari kula ufukwe. ONYO: usipange vipimo vya msimu mmoja tu.

4. Ongea na serikali ya kijiji, BMU (kikundi cha kijiji cha kusimamia rasilimali za uvuvi), wavuvi, wakulima wa mwani na akina mama wanaookota pweza, kabla hujaandika orodha ya athari.

5. Chuja. Baki na masuala mazito. Ulichoondoa, andika sababu.

6. Peleka ripoti ya mawanda na hadidu za rejea (maelezo ya nini kitachunguzwa na kwa njia gani) NEMC, wasimamizi wa mazingira wa taifa. Usianze kukusanya takwimu kabla hadidu hazijapitishwa.

MASWALI

– Mkuu, nirushie hadidu za hoteli yoyote nibadilishe jina.
– Hapana. Rudia hatua ya 3.

– Si sheria imeshasema mita 60 kutoka majini? Mpaka ndio huo.
– Kifungu cha 57 cha Sheria ya Mazingira ya 2004 kinalinda ukanda wa kando ya maji. Hakisemi athari zinaishia hapo.

– Niko Mafia, kasa wanataga karibu na kiwanja. Wanaingiaje?
– Umeuliza jambo la maana sana. Vifaranga hufuata mwanga, kwa hiyo taa ziingie kwenye mawanda: ngapi, urefu gani, zinaangaza upande gani. Ongeza viti vya ufukweni usiku na magari juu ya mchanga. Miezi ya kutaga waulize wanaolinda viota.

– Picha za zamani za Google Earth zinafaa kupima mmomonyoko?
– Zinafaa, ila usifuate ukingo wa maji, maana picha moja imepigwa maji yamejaa, nyingine yamekupwa. Fuata mstari wa majani juu ya ufukwe.